Wakubwa Watatu, Mwanachama Mmoja na Mkokoteni

Saa moja asubuhi, ukungu haujabanduka juu ya mto, na mkokoteni wa magunia ya unga umekwama katikati ya mwinuko unaotoka ufukweni kwenda sokoni Kisangani. Nyuma yake wako wanaume wanne. Anayesukuma ni mmoja.

Huyo ni Papa Ignace, mtu wa miaka hamsini na ushee, mabega mapana kama mlango wa kanisa, magoti yanalia kama bawaba za mlango huohuo. Wenzake watatu nao wako kazini, kila mmoja kwa cheo chake.

Papa Jephté, rais wa chama, anatazama gurudumu. Franck, makamu wa rais, anamtazama rais. Amuri, mshauri wa chama, ameinama na kuchungulia chini ya mkokoteni kama daktari, kisha anainuka polepole.

"Shida njo hii," anasema. "Pousse-pousse haiendi."

"Merci, conseiller," anajibu rais.

"Leteni tofali!" Ignace anapiga kelele. "Mi naachilia!"

Rais anamgeukia makamu. Makamu anamgeukia mshauri. Mshauri anashauri kwamba tofali, kwa kweli, lingefaa. Mpaka mama mmoja anayepita na beseni la mikate kichwani anasukuma tofali kwa mguu wake, analikita nyuma ya gurudumu, na kwenda zake bila kuuliza nani ni nani.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Miaka mingi hawa wanne walisukuma bila cheo. Aliyekuwa karibu na tofali aliliokota. Aliyechoka alitukanwa kidogo, akapata nguvu. Mwaka huu ukavuma uvumi ufukweni kwamba wenye mikokoteni watakaokuwa na chama ndio watakaosikilizwa. Nani aliusema? Hakuna anayejua. Watasikilizwa na nani? Hilo nalo halikuulizwa.

Wakakutana Jumapili baada ya misa, kwenye kiwanja cha Papa Jephté.

"Mi nalienda nyumbani kula lituma," anasimulia Ignace, ambaye kwa ndizi za kupondwa anaweza kuacha hata arusi yake. "Kurudia, vyeo vimekwisha! Franck ananiambia, 'Papa Ignace, chama haiwezi kukosa membre. We njo membre.' Namuuliza, bale wengine ni ba nani? Anasema, 'Ni we.'"

Mwanzoni cheo hicho cha kukosa cheo hakikumsumbua. Kwenye msiba mmoja, Papa Jephté alisimama na kutangaza, "Nazungumza kwa jina la wanachama wote," na Ignace akasimama ili watu wawaone wanachama wote. Wakapigiwa makofi. Akakaa.

Lakini cheo ni kama pilipili, hakikai mdomoni tu. Haukupita muda rais akagundua kwamba rais akitoka jasho, chama kinapungukiwa heshima. Makamu naye akawa anatembea ubavuni mwa rais, ili rais akianguka nafasi isibaki wazi. Mshauri hakuwa na neno la kuongeza, akaliongeza kila siku.

Ignace akasukuma.

Mzigo unaowalisha wote wanne ni wa Mama Kaswera, mfanyabiashara wa Butembo anayeuza unga, chumvi na sabuni kwa jumla. Siku nzuri, mzigo wake humrudisha kila mmoja nyumbani na ndizi, mafuta na samaki. Akiondoka Kaswera, sufuria nne zinapinduliwa.

Na siku ile ya tofali, mvua iliwakuta mwinukoni. Magunia ya juu yalifika ghalani yamelowa. Kaswera alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Bon. Mi nalikodi pousse-pousse ao nalikodi gouvernement?"

Rais akakohoa. Makamu akakohoa kumuunga mkono.

"Samedi kuko muzigo ya sabuni," akaendelea Kaswera. "Mukinilowesheya sabuni, nachukua pikipiki ya magurudumu tatu. Ile haina président, haina vice. Iko na mutu moja na pembe ya kupiga."

Jioni Ignace alimwambia mkewe kwamba anajitoa chamani. Adeline, aliyekuwa anamenya ndizi, alicheka hata akaweka kisu chini.

"Papa Josée," akamwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "ukitoka, bale batatu bataongoza nani? Mbuzi? Usitoke. Kesho kaa tu hapa nyumbani. Kukaa nayo ni kazi."

Akakaa. Akavuta kiti, akatafuna muwa. Jua halijafika utosini, viongozi wote watatu walikuwa langoni.

Walikuwa wamejaribu kuitisha mkutano wa dharura. Rais aliufungua. Makamu akaunga mkono. Mshauri akashauri waendelee. Halafu wakakwama, maana hapakuwa na mtu wa kupiga makofi.

"Papa Ignace," akaanza Jephté kwa sauti ya kubembeleza, "tumekufikiria. Utakuwa secrétaire général."

"Na membre atakuwa nani?"

Franck akamtazama Amuri. Amuri akatazama kuku wa Adeline.

"Mi nabaki membre," akasema Ignace, akitema kapi la muwa. "Na membre anaita assemblée générale, mkutano ya ba-membre bote. Sasa hivi." Akainuka, akajitazama kushoto, akajitazama kulia. "Wote tumefika. Tuanze."

Hoja yake ilikuwa fupi. Vyeo vibaki, asivuliwe mtu. Ila kila cheo kiwe na mahali pake pa kushika kwenye mkokoteni. Rais atasukuma upande wa kuume, kwa kuwa ndio mkono wa heshima. Makamu kushoto. Mshauri atashika mikono ya mbele, maana anapenda kuonyesha watu njia.

"Na we?" akauliza Franck.

"Mi nasukuma katikati, na tofali iko yangu. Banaokubali?"

Ignace akanyoosha mkono.

"Banaokataa?"

Akaushusha. Papa Jephté alifungua kinywa, lakini kura zilikuwa zimekwisha. Makofi yalisikika kutoka jikoni kwa Adeline.

Jumamosi walipanda mwinuko. Rais alikuwa amevaa viatu vyake vya kung'aa. Walipofika pale penye utelezi alivivua, na vikamalizia safari vikiwa vimekaa juu ya katoni za sabuni kama mabwana wawili. Mshauri huko mbele alitaka kushauri, pumzi ikamnyima ruhusa.

"Sukuma, Papa Président!" wauza samaki wakapiga vigelegele. "Leo tunakuona!"

Kaswera alipapasa katoni. Zilikuwa kavu. Akalitazama shati la Jephté, lililogandamana na mgongo kwa jasho, akawahesabu wote kwa kidole.

"Kumbe muko bane!" akasema. "Lundi, juma ikianza, muje mapema."

Tangu hapo mzigo haujapungua, na Ignace sasa ana mpango wa kumwomba fundi wa kuchomelea vyuma awatengenezee mkokoteni wa pili. Kwa hiyo anatafuta mwanachama mwingine. Si kazi rahisi. Wiki iliyopita alikuja mwanaume mmoja kutoka Yanonge, mwenye mikono migumu kwa kuvuta kasia.

"Kuko poste gani?" akauliza mgeni.

"Ya membre."

"Membre iko na madaraka gani?"

"Yote," akajibu Ignace.

Mgeni akautazama mkokoteni, akautazama mwinuko, akamtazama Papa Jephté anayesuuza matope miguuni mtoni. Akaomba nafasi mpaka Jumapili, ashauriane na ndugu zake.

Ignace anamngojea kwa hamu. Akikubali, Jumapili hiyohiyo watafanya mkutano mkuu wa watu wawili. Jambo moja tu linamkosesha usingizi: safari hii, anasema, anaweza kushindwa kura.