Mgomba wa Wanzala

Nekesa analima miwa hapa Matungu. Mwanawe Wanzala, mwanajeshi, alipotelea vitani Somalia. Mwili haukuletwa, basi wazee wakazika shina la mgomba badala yake, kama ilivyo desturi yetu. Mvua iliponyesha, kaburi likachipua. Sasa mgomba umezaa mkungu, na usiniulize ndizi hizo nani atazila.

Jana redioni wabunge walibishana kama wanajeshi wetu warudishwe nyumbani. Majirani nao wakagawanyika, wakagombana mpaka uani kwake. Mmoja akamgeukia: "Mama Wanzala, wewe unasemaje? Warudi?"

"Warudi wote," akafoka. "Lakini wangu mlishamzika. Akija kupiga hodi, nani kati yenu atamfungulia?"