Nilifungua Nati za Kiti, Mama Mkwe Akavunjika Mkono

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie kisingizio. Mkono wa kulia wa mama yake mke wangu haufungi ngumi tena, na aliyeuvunja ni mimi. Sikumpiga. Nilimbeba tu kwenye gari langu nikijua ninachokijua, nikanyamaza.

Sitataja jina langu wala aina ya gari. Kisii ni ndogo na duka langu haliko mbali na Daraja Mbili. Huenda hata wewe unayesoma umewahi kununua ndoo kwangu.

Rafiki yangu, mimi ni mgonjwa wa mbio za magari. Si zile za matope na kona. Zangu ni za mstari mmoja ulionyooka: magari mawili yanasimama sambamba, taa inageuka kijani, na kabla hujamaliza kupumua mambo yamekwisha. Tulikuwa tukikutana Jumapili moja moja kwenye kipande cha lami kilichofungwa, na waamuzi, na kofia ngumu kichwani. Mke wangu ni mwalimu na hataki kabisa kusikia habari hizo. Kwa hiyo nilimwambia nakwenda kuangalia mzigo wa duka.

Shida yangu ilikuwa kuondoka. Gari ni la kawaida tu, la kupeleka mtoto shule, na linavutwa na tairi za mbele. Taa ikiwaka nakanyaga mafuta, tairi zinazunguka palepale zikitoa moshi, mwenzangu keshaenda! Watu walikuwa wakinicheka waziwazi.

Fundi mmoja kutoka Ogembo akanivuta kando. "Boss, hii gari yako haina shida ya nguvu," akaniambia. "Shida ni mguu wako. Unaachilia klachi kama mtu ameona nyoka. Achilia pole pole mpaka uskie gari inataka kwenda, ndio uongeze mafuta. Alafu punguza upepo tairi za mbele zishike lami. Na hii mizigo yote ya nyuma umebebea nani?"

Nikafuata yote. Nikaufundisha mguu adabu. Nikapunguza upepo. Nikatoa tairi la akiba, jeki na mazulia. Bado nikaona haitoshi, nikafungua nati nne za kiti cha nyuma, nikakitoa pamoja na mikanda yake.

Jumapili hiyo gari liliondoka kama limesukumwa! Nilishinda mbio yangu ya kwanza, nikalia ndani ya kofia kama mtoto.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Jioni hiyo hiyo nilirudisha upepo wa tairi, maana tairi laini lingenisumbua mimi dereva. Kiti cha nyuma nilikirudisha kwa kukiweka tu, mke wangu asishtuke. Nati nikazitupia kwenye droo ya duka, mikanda nikaiacha kwa fundi. Nilikuwa na mbio nyingine baada ya wiki mbili, na kufunga na kufungua niliona ni kazi bure.

Asubuhi yake mke wangu akaniambia, "Baba Moraa, mama ako na daktari wa macho leo Kisii. Umchukue Ikonge, mimi niko na mtihani."

Ningekataaje? Nikasema sawa.

Njia nzima kwenda Ikonge nilikuwa nikijifunza sentensi moja: "Mama, leo kaa mbele." Maneno manne! Lakini kama wewe si Mgusii, nikueleze. Sisi tuna chinsoni, ile heshima kali kati ya mtu na mama mkwe wake. Simsalimii kwa mkono. Simtanii. Yeye kukaa mbele ubavuni mwangu, goti karibu na goti, ni aibu ambayo hata yeye asingekubali. Na nikimweleza sababu, itabidi nimwambie kwamba mume wa binti yake ni mwongo anayecheza na magari.

Nikafika. Akatoka na kitambaa chake cha kanisani na kikapu cha ndizi za mjukuu. Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe. Nikageukia usukani.

Kiti kikalia alipokikalia. Kwenye kioo nikaona mkono wake ukipapasa, ukitafuta mkanda.

"Mkanda ulikatika, Mama," nikasema bila kugeuka. "Tutaenda pole pole."

"Haya, baba."

Nikaendesha arobaini. Kila tuta nililipanda kama nimebeba mayai, na kila mara nilisikia kiti kikiinuka na kushuka. Jasho linanitiririka na dirisha liko wazi! Tukapita stendi ya Nyamira, ambapo magari mengine yalikuwa yakiita abiria wa Kisii. Ningesimama hapo, niseme gari limepata hitilafu, nimpandishe lingine. Mguu wangu ulikwenda hadi kwenye breki. Nikawaza atamwambia binti yake, binti yake ataniuliza hitilafu gani. Nikapita.

Kwenye mteremko, lori la majani ya chai likasimama ghafla mbele yangu. Sikuwa na mwendo, nakuapia. Nilifunga breki, gari likasimama vizuri kabisa, lakini kiti hakikusimama. Kilikuja mbele na mama wa watu juu yake, akatanguliza mkono kujikinga. Nilisikia mfupa.

"Nyasae!" alimlilia Mungu mara moja tu.

Nikaruka nje, nikafungua mlango, nikanyoosha mikono. Halafu nikasimama! Hata hapo, amelala kati ya viti na mkono umepinda, mimi nilikuwa sijui nimshike wapi, kwa sababu ni mama mkwe. Wanawake wawili waliokuwa wakipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia wakanisukuma kando, wakamtoa.

"Wewe ni mtu wa aina gani?" mmoja akanifokea.

Hospitalini nilisema nati zilikatika kwa kutu. Shemeji zangu walikuja kunishukuru kwa kumkimbiza mama kwa daktari. Kunishukuru! Walinishika mkono mmoja mmoja.

Nilikaa na uongo huo miezi miwili. Siku moja mke wangu alikuja dukani kutafuta kalamu, akafungua droo. Akazipanga nati zote nne kwenye meza mbele yangu, moja moja. Zilikuwa zinang'aa.

"Hizi ndizo zilikatika?"

Nikamwambia kila kitu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Mimi sitakusemea," akasema. "Enda umwambie mwenyewe."

Nikaenda Ikonge. Mimi nimekaa sebuleni, yeye yuko jikoni, mlango wazi kati yetu, kama heshima inavyotaka. Nikauongelesha ule mlango. Nikasema kuhusu mbio, nati, mikanda. Nikasema, "Mama, nilijua hakijafungwa."

Jikoni nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Nikadhani ametoka kupitia nyuma.

"Mimi pia nilijua," akasema, taratibu, kwa Ekegusii. "Tulipotoka hapa tu nilisikia kiti kinacheza. Nikaona nikikuuliza, utaaibika. Mtu hamwaibishi mkwe wake. Nikashikilia tu."

Jamani! Alikuwa amekaa pale nyuma safari nzima, ameogopa, akinilindia heshima ambayo sikuwa nayo.

Gari nimeliuza na mbio nimeacha. Wewe unayetaka gari lako liondoke kwa kasi, sikukatazi. Toa viti, toa milango ukitaka. Lakini likirudi barabarani, kaza kila nati kwa mkono wako kabla mtu hajakaa humo. Na kama hujakaza, fungua mdomo! Sema mbele ya mke, sema mbele ya mkwe, sema mbele ya askofu. Aibu yangu ingekuwa imekwisha kabla hatujafika Nyamira. Sasa nikienda Ikonge namkuta mama kwenye majani yake, kikapu mgongoni, anachuma chai kwa mkono wa kushoto.