Mtangazaji Aliyewachukia Kobe

Mji wa Talmadge, jimbo la Alabama, Marekani, una makanisa mengi na kila moja linafundisha kumpenda jirani, na kwa kiasi fulani watu wanajitahidi. Lakini Whit Ransdell hakuwa jirani. Whit Ransdell alikuwa mtangazaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, kwenye televisheni, na hakuna aliyemchukia kwa bidii kama Delbert Hufstetler, fundi viyoyozi.

Delbert alikuwa mtu wa Kobe. Kobe ni timu ya Chuo Kikuu cha Coosa, jezi za kahawia. Hakusoma Coosa, hakusoma chuo chochote. Alipomaliza sekondari aliingia moja kwa moja kwenye dari za watu na kisanduku chake cha spana, na huko ndiko alikozeekea. Lakini akizungumzia mpira alisema "sisi." Sisi tuliwafunga Tennessee. Sisi tulionewa na mwamuzi. Alisema "goti letu limeumia" akimaanisha goti la kijana wa miaka ishirini asiyemjua kabisa, na siku hiyo yeye mwenyewe alichechemea kidogo akienda jikoni.

Mbwa wake alimpa jina la kocha. Kocha akafukuzwa, mbwa akabadilishwa jina. Kocha wa pili naye akafukuzwa, na baada ya hapo mbwa akaacha kuitikia jina lolote.

Nyumba ya pili kutoka kwake alikaa Royce Tidmore, kaka wa mkewe. Royce alikuwa mtu wa Korongo, timu ya Chuo Kikuu cha Marengo, jezi za kijani. Naye hakukisoma. Mashemeji hao waliuziana magari, walizikiana wazazi, na kila Novemba, wiki ya Kobe na Korongo, waliacha kusalimiana. Nadine, mke wa mmoja na dada wa mwingine, alikuwa akipeleka ujumbe kati ya nyumba mbili kama balozi wa nchi zilizovunja uhusiano.

Tatizo la Delbert na Ransdell lilianza zamani, lakini liliiva mwaka uliopita. Kobe walikuwa wanaongoza, mpira umebaki mikononi mwao, mara mwamuzi akarusha kile kitambaa cha njano cha kosa. Wakarudishwa nyuma, wakaupoteza mpira, wakafungwa. Ransdell, badala ya kulia kama binadamu, akasema kwa ile sauti yake ya mafuta: "Hawa Kobe wanakimbia kana kwamba kila mmoja amebeba nyumba mgongoni."

Delbert hakuisahau kauli ile. Kila Jumatatu alipiga simu kwenye kipindi cha redio cha Buck Lassiter, ambako wanaume wa kaunti nzima hupeleka malalamiko yao ya Jumamosi.

"Tuna Delbert wa Talmadge kwenye laini," Buck alisema. "Mzee Delbert, leo amefanya nini?"

"Tumefunga, Buck, na jamaa akanyamaza. Kimya kabisa. Wale wakifunga anashangilia."

"Labda alikuwa anakunywa maji."

"Mtu anakunywa maji tukifunga tu? Niambie wewe, Buck. Kiu ya namna gani hiyo?"

Nadine alimshauri mara nyingi apunguze sauti ya televisheni asikilize redio ya nyumbani, ambako mtangazaji alikuwa mtu wao kabisa na alilia waziwazi Kobe wakifungwa.

"Nikizima sauti," Delbert alimjibu, "nitajuaje anasema nini?"

Nadine alitazama sahani aliyokuwa anaosha, akaiosha tena.

Mwaka huo mechi ya Kobe na Korongo ilikuwa nyumbani, Coosa. Ijumaa, siku moja kabla, kiyoyozi cha chumba cha watangazaji pale juu ya uwanja kilikufa. Alabama haina habari na Novemba. Joto lilikuwa la kuoka mkate. Kampuni aliyofanyia kazi Delbert ndiyo iliyoitwa, na bosi alipomwambia aende, Delbert aliweka simu chini akakaa ndani ya gari akitabasamu peke yake.

Alipanda ngazi zile na mpango. Angekitengeneza kiyoyozi kikawa kizima Ijumaa, halafu Jumamosi, katikati ya mechi, kianze kupuliza hewa ya moto. Alijua waya wa kulegeza. Alijiona tayari mbele ya televisheni, akimtazama Ransdell akiyeyuka kama siagi juu ya kikaangio.

Alipofungua mlango alimkuta mtu mwenyewe. Ransdell alikuwa peke yake, amevua viatu, miguu imevimba ameiweka juu ya kiti, anakula mkate wenye jibini na huku anajifunza kutamka majina ya wachezaji. Alikuwa mdogo kuliko kwenye televisheni, na nywele zake za bandia zilikuwa na mwanzo unaoonekana.

"Karibu, mzee wangu," alisema. "Niambie kitapona hicho."

"Kitapona," Delbert alisema. Akafungua kifuniko cha mashine, akaangalia ndani, asione kitu. Akageuka.

"Bwana Ransdell, nina swali."

"Uliza tu."

"Sisi tumekukosea nini?"

"Nyie kina nani?"

"Coosa."

Ransdell akatafuna taratibu, akifikiri. Ilionekana anajitahidi kwa nia njema.

"Coosa ndio wale wa kijani?"

"Kijani ni Marengo. Sisi kahawia."

"Aa, kahawia. Unisamehe. Wiki iliyopita nilikuwa Oregon, kule kijani mpaka kwenye vikombe."

Delbert aliweka spana chini. "Mwaka jana ulisema tunakimbia kama tumebeba nyumba mgongoni."

"Si nyie ni kobe?"

"Ndiyo."

"Basi, huo ni utani wa kobe. Nikipewa timu ya dubu nasema habari za asali. Hao korongo nawasema miguu. Mtu lazima aseme kitu, mzee wangu, mechi ni ndefu."

"Na kile kitambaa cha njano?"

"Kipi?"

Delbert akamwelezea. Alieleza kosa lilivyotokea, nani alimshika nani, mwamuzi alikuwa amesimama wapi, na upepo ulikuwa unatoka upande gani. Alieleza akiwa amenyoosha mikono kama mlinzi anayezuia. Ransdell alimsikiliza kwa upole wa daktari anayengoja mgonjwa amalize ili amwambie avae shati.

"Sikumbuki," akasema mwishoni. "Sitaki nikudanganye. Mimi hata matokeo huwa yananitoka nikifika uwanja wa ndege."

"Kwa hiyo hutuchukii."

"Kwa nini niwachukie? Siwajui."

"Lazima una timu unayoipenda."

Ransdell akatazama mlangoni, akainama kidogo kama anayetoa siri. "Mimi napenda tenisi," alisema. "Usinitangazie."

Delbert alirudi kwenye mashine. Alifanya kazi yake yote, na ule waya wa kulegeza akaukaza vizuri, kwa kuwa hakuwa tena na nguvu za ubaya. Hewa baridi ilipoanza kutoka, Ransdell alifumba macho akasema, "Mungu akubariki, mzee wa kijani," na Delbert hakumsahihisha.

Alikaa garini muda mrefu kwenye maegesho. Kuchukiwa na Whit Ransdell lilikuwa jambo la heshima. Lilimaanisha kwamba huko New York, kwenye majumba ya vioo, mtu mwenye suti anaamka asubuhi na kupanga namna ya kuangusha kahawia. Lilimaanisha kwamba Talmadge inajulikana. Sasa aliambiwa kwamba miaka yote hiyo alikuwa akigombana na mtu aliyekuwa anafikiria tenisi.

Redio ya gari ilikuwa imewashwa. Buck Lassiter alikuwa na kipindi maalum cha kuamkia mechi, na alikuwa anauliza kama yupo msikilizaji mwenye habari kutoka uwanjani. Mkono wa Delbert ulienda kwenye simu wenyewe.

"Buck, nimetoka sasa hivi kuonana na Ransdell. Uso kwa uso."

Buck akasogelea maikrofoni.

"Mzee Delbert, usitutanie."

"Nimemuuliza. Nimemwambia, kaka, sema ukweli, unatuchukia? Akajaribu kukwepa. Nikamkazia macho. Akakiri."

"Amekiri?"

"Tangu ujana wake, Buck. Alimtaka msichana wa Coosa, msichana akamkataa. Jamaa hajapona mpaka leo."

Hakujua msichana yule alitoka wapi. Alijitokeza tu, mzuri, mwenye haya, na jezi ya kahawia. Kabla Delbert hajafika nyumbani msichana alikuwa tayari amepata jina na mtaa. Wengine walisema alikuwa wa Talmadge hapahapa. Verna Stallcup, mwimbaji wa sauti ya kwanza wa kanisa la Bethel, aliulizwa dukani kama ni yeye. Verna alishika mkufu wake akasema mambo ya zamani yaachwe. Mumewe, aliyekuwa amebeba tikiti maji, alimtazama kwa namna mpya.

Jumamosi watu walijaa kwa Delbert. Televisheni ilitolewa nje chini ya banda la gari, mbavu za nguruwe zikawekwa motoni, karanga za kuchemsha zikajazwa kwenye ndoo. Royce alikuja na kiti chake mwenyewe na fulana yake ya kijani, akakaa pembeni bila kusalimia, kama mwakilishi wa serikali nyingine. Wanaume walimpa Delbert mkono mmoja mmoja. Mchungaji wa Bethel alimwambia, "Ulisimama, Delbert. Si kila mtu angesimama."

Halafu Kobe wakacheza mpira ambao haujaonekana Coosa kwa muda mrefu. Walifunga, wakafunga tena, mrushaji wao akirusha mipira mirefu iliyotua mikononi kama imetumwa kwa posta. Na Ransdell, katika chumba chenye ubaridi mzuri, alikuwa na furaha ya mtu asiyetoka jasho. Aliwasifu Kobe. Aliwasifu kabla ya mapumziko na baada ya mapumziko. Alisema ni timu bora kabisa aliyoiona mwaka huo, na kuhusu Korongo akasema tu kwamba leo wamesimama kwa mguu mmoja.

Banda zima lilimgeukia Delbert.

"Umemtia adabu," mmoja alisema.

"Msikie anavyojipendekeza. Amekuogopa."

Delbert alishika ubavu wa nguruwe bila kuula. Timu yake ilikuwa inashinda na mtangazaji anaisifu, na yeye alikuwa na njaa ya kukasirika na hakuna kitu cha kukasirikia mezani. Sifa zile zilimkaa mdomoni kama uji usio na chumvi. Alijua kwamba kama mtu angewavisha Korongo jezi za kahawia siku ile, Ransdell angewasifu Korongo vilevile. Alipotazama nyuso za wenzake, zilizojaa mafuta na ushindi, aliwaonea wivu.

Mechi ilipoisha, watu wakatawanyika wakipiga honi. Delbert alienda jikoni, akamkuta Royce amesimama karibu na friji, kofia mkononi. Nadine alikuwa anafunika mabaki kwa karatasi ya foili.

"Shemeji," Royce alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu Jumapili.

"Sema."

"Wewe umeonana naye."

"Nimeonana naye."

"Nataka uniambie ukweli. Si wa redioni." Royce alikunja kofia yake. "Yule jamaa mmemnunua. Sisi huwa tunasema Marengo kila siku, kwamba Ransdell ni mtu wenu. Vijana wetu walivunjika leo, hakusema pole hata moja. Anatuchukia, siyo?"

Delbert alimtazama shemejiye. Macho ya Royce yalikuwa mekundu. Alikuwa amefungwa vibaya, mbele ya watu, kwenye banda la adui, na alikuwa amekuja kuomba kitu kimoja tu cha kuondoka nacho. Delbert alifungua kinywa amwambie habari ya tenisi. Ingekuwa rahisi. Ingemmaliza kabisa, kuliko mabao yote yale, na Novemba zote walizodhihakiana zingelipwa kwa neno moja.

"Anawachukia," Delbert alisema.

"Alikwambia?"

"Alikuwa anawachukia kabla hajazaliwa. Nimetaja Marengo akaacha kula."

Royce alivuta pumzi ndefu. Mabega yake yakapanda, kofia ikarudi kichwani.

"Nilijua," alisema. "Nilijua mimi. Jumatatu nampigia Buck." Akachukua ubavu mmoja sinia likiwa bado wazi, akampa Delbert mkono, akatoka kwa mlango wa nyuma akipiga mluzi.

Nadine alimaliza kufunika sinia. "Na huyo jamaa alisema nini hasa?" aliuliza.

"Alidhani mimi ni wa kijani."

Nadine alicheka mpaka akashika meza, na Delbert akamwacha acheke; alistahili, baada ya miaka yote ya kuosha sahani mara mbili. Kisha akaenda sebuleni akawasha televisheni ndogo. Wachambuzi walikuwa wamekaa studio wakizungumzia mechi za siku. Mmoja alikuwa mwanamke mgeni, mwenye miwani, anatoka Ohio, na alipofika kwa Coosa alisema neno moja tu, "nzuri," akahamia mechi nyingine.

Delbert alisogea mbele ya kiti.

"Nadine," aliita. "Hebu njoo umsikie huyu."