Puli Iliyong'aa

Puli ya mashine yetu ya kusaga, lile gurudumu la kuvutia mkanda, pale Ibighi, ilipasuka dada yangu akiwa anamimina mahindi. Kipande kikamvunja mkono. Vidole vyake viwili mpaka leo havikunjiki.

Watu walikuja. "Ni ajali tu, mwanangu. Mungu kapanga." Nilitaka kupiga kelele. Mungu hakuyeyusha ile puli!

Aliiyeyusha fundi mmoja wa mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa mjini Tukuyu, wakati wa masika. Nilikuwepo. Alichukua sufuria mbovu na vipande vya injini vilivyokuwa vikinyeshewa uani, akavitia motoni na maji yake, kisha akamwaga alumini kwenye umbo la mchanga uliolowa. Mvuke ulitoka ukilia. Gesi itokanayo na maji hayo hunaswa ndani alumini inapoganda, ikaacha vitundu. Vya juu akaviziba kwa gundi, akapiga msasa mpaka puli ikang'aa. Kwetu ndivyo puli inavyochaguliwa: unaigeuza kwenye mwanga, ukiuona uso wako, unabeba.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haikuvunjika siku ilipofungwa. Ilifanya kazi miezi na miezi. Kila mzunguko mkanda uliivuta, na kwenye kitundu kimoja ufa ukaanza, mwembamba kuliko unywele, ukatambaa. Nilipookota vipande niliuona: sehemu kubwa ya mpasuko ilikuwa imefifia, laini, imeingiwa na unga wa zamani. Ukingo mdogo tu ndio ulikuwa mpya.

Fundi akaja na puli nyingine, bure. "Pole, mama. Hii nimeisugua mwenyewe." Mama akanyoosha mikono yote miwili. Kwetu aliyekuja kuomba radhi harudishwi na mzigo wake.

"Mchanga ulikuwa umelowa tena?" nikauliza.

"We msomi bwana! Mchanga mkavu unashikana wapi?"

"Unyevu kidogo, si tope. Na vyuma, ulivianika juani?"

"Jua lipi, la Tukuyu?" Akacheka mpaka akajishika kiuno.

Dada akainuka, mkono wake ukiwa kwenye hogo la plasta. Akaichukua puli kutoka kwa mama, akaiweka kwenye benchi. "Ikate," akaniambia. "Tuione ndani."

Nikaikata kwa msumeno wa chuma, kwa hasira, mpaka kiganja kikachubuka. Ndani ilikuwa na matundu kama kitumbua. Fundi aliacha kucheka.

Dada akamrudishia vipande vyote.

"Nimebakiwa na mkono mmoja, kaka," akasema. "Hii kamfungie mama yako."

Mama hakumkemea.