Hapana ya Bi Faili

Kliniki nzima ilimwita Bi Faili, na jina likamkaa. Miaka kumi na tisa yuko dirishani pale mapokezi, anajua nani anaumwa nini, na hakuna aliyewahi kumtoa neno. Majirani walijaribu wakachoka. Shangazi yake alimnunia mwezi mzima, mwishowe akarudi mwenyewe kuomba chai.

Kabati zilipoondolewa na faili kuingia kwenye kompyuta, alihangaika, nisiwadanganye. Neno la siri lilimtoka kichwani kila asubuhi. Aliyemwokoa ni mdogo wake wa kiume, fundi kompyuta, ambaye Bi Faili ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Alimtungia neno jepesi, akamwonyesha na hatua ya pili: ukishaandika neno, simu yako inakuuliza, ni wewe? Usipobonyeza Ndiyo, huingii.

"Mtu akiiba neno lako, dada, bado simu itamzuia," alimwambia. Bi Faili akalishika hilo kwa ubishi wake wote.

Basi Jumanne moja ya mapumziko, mchana kweupe, yuko nyumbani anapiga pasi, simu ikauliza: ni wewe? Loo, ataingiaje na yeye yuko huku? Akabonyeza Hapana. Ikauliza tena. Hapana. Mara ya tano akaanza kutafuta namba ya daktari wa kliniki, na kabla hajaipata mdogo wake akapiga.

"Dada, bonyeza Ndiyo. Ni mimi."

"Unatafuta nini humo?"

"Mke wangu anakuja hapo kliniki kwenu kila Alhamisi. Anasema ni uchovu tu. Amekonda, dada, na mimi naogopa kumuuliza. Anakufa?"

Jamani, hapo ndipo penye kazi. Jibu alikuwa nalo, tena si jepesi. Wifi yake alimshika mkono pale dirishani akamwomba, "Wifi, hili libaki hapa." Na anayeuliza ni mtoto aliyembeba mgongoni.

"Sikuambii."

"Kwa hiyo ni baya."

"Ningekataa hata angekuja kupimwa macho. Kamuulize mwenyewe."

"Umenilea wewe, dada."

"Ndiyo maana nakutuma kwake."

Akakata simu. Simu ile ile ikauliza mara ya sita, ni wewe?, akabonyeza Hapana huku analia kwa sauti, moyo unamuuma kwelikweli. Pasi ilikuwa imeshaunguza kola. Kisha akampigia daktari, akamwambia neno lake limejulikana, na nani amelijua, hakuficha. Jioni ile ile likabadilishwa.

Alhamisi wifi akaja, mumewe nyuma yake. Mume hakumsalimu dada yake. Alipita moja kwa moja akakaa benchi la mwisho, mkoba wa mkewe mapajani.

Wifi akainama dirishani. "Ameniuliza. Tumelia mpaka basi."

"Pole, mke wetu."

"Ameniambia pia alivyokuomba ukamnyima." Akamtazama Bi Faili, macho yamemvimba. "Nisamehe, wifi. Mimi siku zote hizi nilijua ulishamwambia. Ni mdogo wako, nikasema utamfichaje? Nikadhani anajua, na amenyamaza tu kwa sababu hajali."

Bi Faili akamwandikia namba ya chumba kwenye karatasi, akamsogezea.