Albamu nne za Chiriku: ile mnayoiita bora mimi naiweka mkiani

Wakuu, kwema humu?

Hii si chai. Yalinikuta mwenyewe, Dodoma, Majengo, zamani zile biashara zimeachiwa huru na kila mwenye redio ya deki mbili akajiita duka la muziki.

Shule niliacha mapema. Nilizunguka Mpwapwa, Kibakwe, Mlali, nikiuza hiki na kile, kisha nikatua kwenye kibanda cha kurekodi kanda. Mteja analeta kanda tupu, anataja albamu, jioni anapitia mzigo wake.

Mwimbaji aliyeshika mji ni dada mmoja, jina la jukwaani Chiriku. Alikuwa na albamu nne, nami nilizisikiliza mpaka nikajua mpiga besi anachokea wapi.

Kali kuliko zote ilikuwa Mvua ya Mchana. Halafu Harusi ya Jirani. Ya tatu Dirisha la Nyuma. Mkiani Usiniulize Jina, kinanda kinalia kama kengele ya baiskeli.

Sasa, jirani na kibanda alikuwapo Mwajabu, binti wa Kondoa, fundi cherehani kwenye baraza ya shangazi yake. Redio yake haikuzimwa. Nilimpenda mpaka nikawa napeleka suruali nzima zikatiwe viraka.

Mdomo ukawa mzito. Nikapanga kumwingia kwa kanda: nianze na mbovu, nipande taratibu, na siku ya kumpa Mvua ya Mchana ndiyo siku ya kusema neno langu.

Msicheke. Niliona ni akili.

Nikampa Usiniulize Jina, akasema, "Si mbaya." Dirisha la Nyuma, akasema, "Afadhali." Harusi ya Jirani akaimba nayo huku anashona. Nikajua nimebakiza hatua moja.

Hapo akatokea karani wa ofisi moja ya serikali, viatu vinang'aa kama havijawahi kuonana na vumbi letu. Akataka Mvua ya Mchana. Kazi ni kazi, nikamrekodia.

Kwenye wimbo wa pili umeme ukashuka. Sauti ya Chiriku ikawa nzito kama ya mjomba mlevi, kisha ikapanda tena. Nilimwambia karani, akasema haina neno, akaondoka nayo.

Kesho yake niko kibandani, nasikia Mvua ya Mchana inapigwa barazani kwa Mwajabu. Wimbo wa pili ukafika. Chiriku akawa mjomba.

Wakuu, ni ile ile niliyomrekodia karani. Kanda ya mikono yangu mwenyewe!

Nikaenda. Mwajabu hata mguu hakuutoa kwenye cherehani.

"Kaka, sikia hii! Kumbe huyu dada anajua hivi? Wewe hukuwa nayo?"

"Ninayo."

"Sasa mbona ulikuwa unaniletea makapi?"

"Nilikuwa naitunza."

"Unamtunzia nani?"

Shangazi yake, anachambua mlenda pembeni, akadakia: "Mwache huyo. Kuna watu wanatunza mbegu mpaka zinabunguliwa."

Wakacheka. Nami nikacheka, meno tu. Neno langu nikarudi nalo kibandani.

Karani akamwoa. Sikwenda. Lakini spika za harusi hazichagui wa kumfikia, na siku ile zilipiga albamu moja tu, Mvua ya Mchana.

Nilichojifunza: kilicho bora kitangulize. Anayekuja bila mpango anaweza kufika kabla yako, tena kwa kitu ulichomtengenezea wewe.

Kwa hiyo orodha yangu tangu siku ile: Harusi ya Jirani, Dirisha la Nyuma, Usiniulize Jina, na mkiani kabisa Mvua ya Mchana. Mtasema nyimbo zake hazina mfano. Sijakataa. Nimesema ni ya mwisho.

Haya, wekeni zenu. Ila atakayeiweka Mvua ya Mchana juu, aanze kwa kutuambia alipewa na nani.