Mama, Basi na Veranda ya Duka

Leo Kitui nimeona kondakta akimbeba mtu wa magongo kama gunia, na hasira yangu ya miaka ya tisini imerudi yote.

Hivyo ndivyo makondakta walivyombeba mama yangu, naye wa magongo, kumpandisha basi siku moja pale Mutomo, bila hata kumuuliza.
Sketi ikapanda. Watu wakacheka. Mimi nikaangalia chini.

"Niweke chini!" mama akasema. "Dereva, sogeza gari hapo kwa veranda ya duka."

Dereva akasonya, lakini akasogeza.
Veranda ilikuwa kimo kimoja na mlango wa basi. Mama akaingia mwenyewe, polepole.
Dakika moja tu, jamani!

Wiki iliyofuata nikamwomba dereva yuleyule asogeze tena.
"Tumechelewa," akasema. "Mbebeni twende."

Nyinyi mngemjibu nini?